Kujengewa, Kujijengea na Kujengana: Sarufi ya Uboreshaji wa Mitaa ya Mabanda Jijini Nairobi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili unavyoweza kutusaidia kuelewa nafasi ya mwananchi katika uboreshaji wa mitaa ya mabanda. Mifano mitatu ya Nairobi imeteuliwa: Soweto Mashariki iliyoko Kibera, Kambi Moto iliyoko Huruma, na Mukuru. Hoja yetu ni kwamba kauli ya kitenzi tunachokitumia tunapoueleza mradi hufichua ni nani mtenda na ni nani mtendwa. Aidha, tunadai kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi ya kufanya pale ambapo mpango wa makazi ya watu huandikwa kwa lugha wasiyoitumia nyumbani mwao.

1.0 Utangulizi

Mtaalamu wa mipango ya miji akizungumzia mtaa wa mabanda, aghalabu hutaja idadi ya nyumba, upana wa barabara, mabomba ya maji na mitaro ya majitaka. Mwanaisimu akiyasikiliza mazungumzo hayohayo husikia jambo jingine. Husikia vitenzi: nani anahamisha na nani anahamishwa, nani anahesabu na nani anahesabiwa, nani anajenga na nani anajengewa. Huenda msomaji akauliza pana uhusiano gani baina ya sarufi na choo, au baina ya kauli ya kutendewa na hatimiliki ya ardhi. Swali hilo ni la haki, na ndilo tunalojaribu kulijibu.

Ni muhimu kwanza kufafanua istilahi. Kwa miaka mingi, jibu la wakuu wa jiji kwa mitaa ya mabanda lilikuwa kubomoa. Mwaka 1990, kwa mfano, mtaa wa Muoroto karibu na kitovu cha Nairobi ulibomolewa kwa nguvu, na wakazi wake wakatawanyika. Mabanda yaliyobomolewa upande mmoja yalichipuka upande mwingine, kwani aliyebomolewa alikuwa bado anahitaji pa kulala karibu na kibarua chake. Uboreshaji ni wazo linalopinga mwendo huo. Maana yake ni kuuendeleza mtaa palepale ulipo: kuwapa wakazi usalama wa kuishi pale bila hofu ya kufukuzwa, pamoja na maji, vyoo, njia, taa, shule na zahanati, bila kuwatawanya.

Neno lenyewe lina fumbo ndani yake. Kutokana na kivumishi 'bora' tunapata kitenzi 'boresha', kisha nomino 'uboreshaji'. Kiambishi cha usababishi kilichomo kinatuambia kwamba yupo anayesababisha ubora. Hakituambii ni nani. Pengo hilo ndilo linalogombewa.

2.0 Majina na Mtazamo

Kabla ya kuvijadili vitenzi, tuyatazame majina kwa ufupi. Istilahi iliyoenea zaidi nchini Kenya ni 'mtaa wa mabanda'. Banda ni jengo la muda, la kuku, la ng'ombe au la kuwekea bidhaa. Istilahi hii huutambulisha mtaa kwa mabati na mbao zake, wala haiwataji watu. Istilahi ya pili, inayopendwa na wataalamu, ni 'makazi yasiyo rasmi'. Hii hutambulisha mahali kwa kile mahali hapo palichokosa. Kikanushi '-si-' kimebeba maana yote: watu wapo, nyumba zipo, biashara zipo, ila urasmi haupo.

Wakazi wenyewe walichagua neno jingine. Shirikisho lao lililoundwa mwaka 1996, wakati wa mapambano dhidi ya ubomoaji na unyakuzi wa ardhi, liliitwa Muungano wa Wanavijiji. Mwenye kusikia jina hilo kwa mara ya kwanza hudhani ni chama cha wakulima. Lakini jijini Nairobi kijiji ni sehemu ya mtaa yenye mipaka inayojulikana, wazee wanaosuluhisha magomvi na majirani wanaofahamiana. Isitoshe, kiambishi 'mwana-' hakimtambulishi mtu kwa paa lake bali kwa jamii yake, kama tunavyosema mwananchi au mwanachama. Mtu wa mabanda huondoka banda likiondolewa. Mwanakijiji hana budi kuulizwa.

Yapo majina mengine yenye historia ndani yake. Eneo la Mukuru lina sehemu ziitwazo Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, pamoja na Viwandani. 'Kwa' hapa ni ya umilikaji wa mahali: ukiishi 'kwa fulani', unakubali kwamba pale si pako. Na kweli, sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru ilikuwa imegawiwa watu binafsi na kampuni kwa ajili ya viwanda vidogo, ilhali waliokuja kuishi juu yake ni maelfu ya familia zisizokuwa na hati yoyote.

3.0 Kauli Tatu za Kitenzi 'Jenga'

Tuchukue kitenzi kimoja, 'jenga', tukinyambue katika kauli tatu.

(a) Jengewa: Serikali imewajengea wakazi nyumba, wakazi wamejengewa. Mtenda yuko nje. Mkazi ni mnufaika, lakini kisarufi ni mpokeaji tu.

(b) Jijengea: Wakazi wamejijengea nyumba. Kiambishi '-ji-' cha kujirejelea kinamfanya mtenda na mnufaika kuwa mmoja.

(c) Jengana: Wakazi na wataalamu wanajengana. Katika kauli ya kutendana, kila upande ni mtenda na kila upande ni mtendwa. Kauli hii haiwezekani kwa mtu mmoja, wala haiwezekani iwapo upande mmoja umenyamaza.

Msomaji makini atatambua kwamba (c) si ya kawaida. Kwa kawaida tunajenga nyumba, hatumjengi mtu. Tutaona baadaye kwamba kauli hii haikubuniwa na mwandishi wa makala haya.

4.0 Kujengewa: Soweto Mashariki

Mwaka 2003 Serikali ya Kenya ilitia saini mkataba na Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi. Kutokana na mkataba huo, mpango wa kitaifa wa kuboresha mitaa ya mabanda ulizinduliwa mwaka 2004, na Soweto Mashariki, mojawapo ya vijiji vya Kibera, ikateuliwa kuwa ya kwanza. Mnamo 2009 familia zilianza kuhamishiwa katika nyumba za muda eneo la Lang'ata ili kupisha ujenzi. Humo, familia tofauti ziligawana nyumba moja, kila familia na chumba chake, huku jiko na choo vikitumiwa kwa pamoja. Kesi mahakamani na mivutano mingine ilichelewesha kazi. Nyumba 822 zilikabidhiwa wakazi mwaka 2016.

Haifai kuubeza mradi huu. Mwenye kuwahi kupanga foleni usiku akitafuta choo anajua thamani ya choo kilicho ndani ya mlango wake. Vilevile, palikuwa na kamati iliyochaguliwa na wakazi. Hata hivyo, tukivikusanya vitenzi vya mradi tunapata orodha hii: kuteuliwa, kuorodheshwa, kuhamishwa, kugawiwa, kukabidhiwa. Vyote vina '-w-' ya kutendwa. Mkazi anasubiri, na kati ya mwaka 2009 na mwaka 2016 alisubiri miaka saba. Mtu anayesubiri hana uwezo wa kuharakisha, kwa kuwa funguo za kazi haziko mikononi mwake. Na nyumba zinapokuwa chache kuliko wahitaji, swali la nani atapata huamuliwa mbali na mlango wake, na tetesi huchukua mahali pa taarifa.

5.0 Kujijengea: Kambi Moto

Huruma ni mtaa ulioko mashariki mwa Nairobi, wenye vijiji kadhaa vilivyokuwa kwenye ardhi ya Baraza la Jiji. Kimojawapo ni Kambi Moto. Wakazi wake, wakiwa wanachama wa Muungano wa Wanavijiji, walianza na mambo mawili yasiyohitaji ruhusa ya mtu: kuweka akiba na kujihesabu.

Akiba ilikuwa ya sarafu chache kila siku. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini faida ya kwanza ya akiba hiyo haikuwa fedha. Mweka hazina anayepita mlango kwa mlango huwajua majirani wote, hujua nani ameugua na nani amepoteza kibarua. Mwaka 2003 shirikisho hilo lilianzisha mfuko wake wa mikopo, Akiba Mashinani, ambao jina lake ni maelezo kamili ya kazi yake.

Kujihesabu kulikuwa na uzito zaidi. Wakazi walipima mabanda yao, wakaandika nambari milangoni, wakajaza fomu za kila kaya, kisha wakayasoma matokeo mbele ya wote ili aliyeachwa aongezwe na aliyeongezwa kwa hila aondolewe. Kiswahili hukipa kitenzi hiki maana mbili. 'Kujihesabu' ni kutaja idadi yenu, lakini pia ni kujiona kuwa mmoja wa watu fulani, kama tusemapo 'najihesabu kuwa mmoja wao'. Maana zote mbili zilitimia. Aliyeingia katika daftari kama nambari alitoka akiwa mwenyeji.

Daftari hilo liliwezesha mapatano na Baraza la Jiji, na kuanzia mwaka 2003 ujenzi ukaanza. Eneo lilikuwa dogo, kwa hiyo nyumba zilikwenda juu badala ya kutanuka: kila kaya ilipata kiwanja kidogo cha mita chache za mraba na kuongeza ghorofa kadiri mkopo na akiba vilivyoruhusu. Uamuzi mgumu kuliko yote haukuwa wa saruji. Ulihusu wamiliki wa mabanda na wapangaji wao. Aliyekuwa na mabanda mengi ya kukodisha na aliyekuwa mpangaji walikubaliana kwamba kila mmoja apate nafasi moja. Hakuna mhandisi ambaye angewaamrisha watu wakubali jambo hilo. Lilizungumzwa na majirani, katika lugha ya majirani, hadi likakubalika.

Lakini kauli ya kujitendea ina mipaka yake. Kaya inaweza kujijengea chumba. Haiwezi kujijengea bomba kuu la majitaka, barabara inayounganisha mitaa, wala sheria ya ardhi. Na kilichowezekana katika kijiji cha kaya chache hakiwezi kurudiwa nyumba kwa nyumba katika mtaa wa kaya laki moja. Tena ipo hatari kwamba serikali itausifu ujasiri wa maskini wa kujitegemea ili nayo ijiondolee wajibu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yafaayo na viwango vya kuridhisha vya usafi. Haki ni deni, na deni halilipwi kwa kumpongeza mdai.

6.0 Kujengana: Mukuru

Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa Eneo Maalumu la Mipango. Eneo hilo lina zaidi ya kaya 100,000. Tangazo lilitanguliwa na miaka ya utafiti uliofanywa na wakazi kwa ushirikiano na vyuo vikuu na mashirika. Miongoni mwa mambo uliyobainisha ni lile tunaloweza kuliita adhabu ya umaskini: mkazi wa mabanda hulipa zaidi kwa huduma duni zaidi. Hesabu yake ni rahisi. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa kwa shilingi 5, lita 1,000 ni mitungi 50, yaani shilingi 250. Anayeishi katika mtaa wa kifahari hulipia kiasi hichohicho bei ya chini sana kwa mita ya kampuni ya maji, tena bila kubeba mtungi.

Kazi ya kupanga iligawiwa makundi ya kitaaluma: ya afya, ya ardhi, ya maji na vyoo, ya fedha, ya mazingira, ya elimu na mengineyo. Mojawapo lilishughulikia mawasiliano na uhamasishaji wa jamii. Kaya 10 ziliunda kundi moja la msingi, makundi 10 yakaunda kundi la kaya 100, na hivyo kupanda hadi ngazi ya eneo zima. Mtindo huo wa kuwakusanya wakazi ulipewa jina la Kiswahili: Tujuane Tujengane.

Hapa ndipo kauli (c) ilipotoka. Tuichambue. 'Tu-' ni nafsi ya kwanza wingi: msemaji yumo ndani. '-ju-' na '-jeng-' ni mizizi ya vitenzi. '-an-' ni kauli ya kutendana. '-e' ni dhamira ya ombi na himizo. Mpangilio nao una mantiki: kujuana kumetangulia kujengana. Wanaojengana bila kujuana wataishia kugombania ukuta. Na kwa kuwa kitenzi 'jenga' kimepewa yambwa asiye nyumba, maana imepanuka: kinachojengwa kwanza ni mtu, uwezo wake wa kusema na kusikilizwa.

Je, mbinu hiyo ilileta tofauti yoyote? Tuutazame mfano wa barabara. Vipimo vya kawaida vya jiji vinataka barabara pana. Katika Mukuru, kila mita moja inayoongezwa kwenye barabara ni safu ya nyumba inayoondolewa. Kwa hiyo upana ulijadiliwa njia kwa njia: gari la zimamoto lipite wapi, mkokoteni upite wapi, na wapi miguu inatosha. Mtaalamu alijua kipimo na mkazi alijua njia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nao waliokilalia walikuwa mezani. Kuanzia mwaka 2020, barabara, mabomba na vituo vya afya vilianza kujengwa katika eneo hilo.

Pamoja na hayo, ukweli unatudai tuseme upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 2021, maelfu ya familia za Mukuru kwa Njenga zilibaki bila makao nyumba zao zilipobomolewa kupisha barabara. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, nyumba nyingine zilibomolewa kandokando ya mito ya Nairobi, zikiwemo za Mukuru na Mathare. Kitenzi kilirejea ghafla katika kauli ya kutendwa. Funzo ni kwamba '-an-' hudumu tu iwapo pande zote zinaendelea kuiheshimu. Mwenye tingatinga anaweza kuivunja kwa asubuhi moja.

Pia tusijidanganye kwamba wakazi wote ni sawa. Kauli ya kutendana hudokeza usawa hata pale ambapo haupo. Mmiliki wa mabanda na mpangaji wake, muuza maji na mnunuzi wake, hawaingii mkutanoni wakiwa na nguvu sawa. Mtafiti anayesikia 'tunajengana' hana budi kuuliza: nani hajasema neno tangu mkutano uanze?

7.0 Lugha ya Mpango na Wajibu Wetu

Kifungu cha 7 cha Katiba kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 10 kinaorodhesha ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Licha ya hayo, matangazo ya Gazeti Rasmi la Serikali, sheria za ardhi na ripoti za wataalamu huandikwa kwa Kiingereza. Mikutano ya vijiji, kwa upande wake, huendeshwa kwa Kiswahili na Sheng. Baina ya hizo mbili pana daraja la kijana mmoja aliyesoma, anayefasiri papo kwa papo, na ambaye akichoka au akiwa na njama, kijiji kizima kinapotea njia.

Hata tunapotafsiri, tunahitaji uangalifu. Dhana ya wananchi kushiriki katika maamuzi imezoeleka nchini kama 'ushirikishaji wa umma'. Tazama kilichotokea: kiambishi cha usababishi kimeingizwa. Umma haushiriki, bali unashirikishwa. Yupo mwenye nyumba anayefungua mlango na anayeweza kuufunga. 'Ushiriki' ungemrejesha mwananchi kwenye nafasi ya mtenda. 'Ushirikiano' ungeidai serikali nayo iwe mtendwa, yaani ikubali kubadilishwa na mazungumzo. Hatudai kwamba afisa anayesema 'ushirikishaji' ana nia mbaya. Tunadai kwamba neno hilo limemzoesha kuridhika na orodha ya waliohudhuria.

Kwa hiyo, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viandae faharasa ndogo ya istilahi za mipango ya makazi, kwa kuanzia na maneno ambayo wakazi tayari wanayatumia badala ya kuyabuni chumbani. Pili, muhtasari wa kila mpango unaogusa makazi ya watu utolewe kwa Kiswahili kabla ya mkutano, si baada yake. Tatu, wanaofanya utafiti wa isimujamii katika mitaa hii wayarejeshe matokeo yao kwa wakazi na kuyasoma mbele yao, kama Kambi Moto ilivyolisoma daftari lake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili kauli tatu za kitenzi kimoja na mitaa mitatu ya jiji moja. Imebainika kwamba kujengewa huleta nyumba lakini humwacha mkazi akisubiri. Kujijengea humpa hadhi lakini hakumfikishi kwenye bomba kuu. Na kujengana kunaweza kufika mbali, mradi mwenye nguvu asijitoe katika kitenzi. Sarufi peke yake haizuii tingatinga. Hata hivyo, aliyezoea kuuliza 'mtenda ni nani?' darasani anaweza kuuliza swali hilohilo barazani, mpango unaposomwa, wakati ambapo jibu bado linaweza kubadilisha jambo.

Maswali ya Kutafakari

1. Kusanya vitenzi kumi kutoka tangazo lolote la mradi wa makazi katika kaunti yako. Vingapi viko katika kauli ya kutendwa? Mtenda ametajwa?

2. Linganisha 'mtaa wa mabanda', 'makazi yasiyo rasmi' na 'kijiji' kwa kuzingatia mtazamo wa msemaji.

3. "Kauli ya kutendana hudokeza usawa hata pale ambapo haupo." Jadili kwa kurejelea mifano kutoka jamii yako.